Mama Nani

Jumatatu, 3 Novemba
Nimetoka kazini Vällingby, miguu inawaka. Wazee wawili ninaowatunza wamegoma kuoga. Nimepika sombe ya majani ya muhogo, imepoa. Baba Aline amejifungia chooni na simu, tena. Nikigonga anasema anakuja. Haji. Namsikia ananong'ona. Ananong'ona na nani?

Jumatano, 5 Novemba
Aliniita kutoka sebuleni. "Mama..." Akakata. Mama nani? Tangu binti yetu azaliwe mimi ni Mama Aline, hajaniita kingine. Akasema basi, hakuna kitu. Kuna mama wa mtoto mwingine kwenye ulimi wake. Sijala.

Ijumaa, 7 Novemba
Nimempigia Aline. Amenijibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, eti baba hana hata nguvu ya kutafuta mwanamke. Akacheka. Nimemkatia simu.

Jumamosi, 8 Novemba
Nimemchungulia. Kabla ya kutoka alisimama mlangoni, akalinyooshea jiko kidole, akasema kitu. Akalinyooshea dirisha. Akasema tena. Funguo nazo vilevile. Jamani, ameingia dini gani huyu? Au ndiyo dawa ya huyo mwanamke? Nimeomba mpaka koo limekauka.

Jumapili, 9 Novemba
Akiwa anaoga nilichukua simu yake. Sioni haya. Hakuna mwanamke. Kuna Japani! Video kibao, zote za stesheni moja ndogo huko milimani. Benchi moja, treni ya behewa moja. Mkuu wa stesheni, mzee mwenye glavu nyeupe, anainyooshea kidole taa, reli, milango ya treni, na kila kitu anakitaja kwa sauti. Abiria hakuna, naye anafanya vilevile. Mara akashuka bibi mmoja na mfuko wa vitunguu. Nikamshuku hata yeye. Nimechoka.

Jumanne, 11 Novemba
Nimemuuliza. Hakukasirika. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaangalia mikono yake.
"Yule mzee akionyesha na kutaja, hasahau," alisema. "Mimi ninasahau."
Ameliacha jiko linawaka, si mara moja. Juzi alipitiliza Tensta, kituo chetu, hadi Hjulsta, mwisho wa treni, akakaa pale hajui nyumbani ni upande gani. Na ile Jumatano jina la mtoto wetu lilimpotea mdomoni. Chooni alikuwa anajifunza kwa yule mzee. Aliogopa nikijua nitamwangalia kama wale wazee wangu wa kazini.
Ninalipwa kuwatunza watu wa hivyo, na nyumbani kwangu nilikuwa natafuta malaya. Nimelia. Ninaogopa kuliko nilivyomwogopa huyo mwanamke.

Alhamisi, 13 Novemba
Kwa daktari ni wiki ijayo. Asubuhi alipita mlangoni bila kunyoosha kidole. Ananionea aibu. Basi nikanyoosha mimi. Jiko, limezimwa. Akaniangalia, kisha akafuata. Dirisha, limefungwa. Funguo, ninazo. Halafu akaninyooshea mimi kidole. Nikasubiri. Mdomo uliniwasha lakini sikumsaidia.
"Mapendo," akasema. "Yupo."
Jina la Aline halikuja. Langu lilikuja, lile nililotoka nalo kwa baba yangu. Nimechelewa kazini, na sijali.