Mkono Mgongoni

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za dada yako. Natumaini kikohozi cha wifi kimekwisha na wanangu hapo nyumbani hawajambo. Mimi namshukuru Mungu, mkono wa kushika kalamu ninao.

Yale malengelenge niliyokueleza bado yapo, ingawa vidonge vimeanza kuyapunguza. Hayaambukizi, lakini nani ataamini? Wateja hawataki tena niwapime. Wananiletea gauni la zamani na kusema, wakiwa wamesimama mlangoni, “Fuatisha hili tu, fundi.” Siku nyingine anayenisemesha ni cherehani peke yake.

Aliyekuwa akinigusa ni mmoja, jirani yangu dobi, tunayemwita Mama Chekacheka. Kila jioni aliingia na vicheko vyake, akanipaka mgongoni krimu ya kuzuia muwasho niliyonunua duka la dawa. Viganja vyake ni vigumu kwa sabuni, lakini vilinituliza moyo, we acha tu! Ajabu, muwasho ukazidi. Ukatoka ukurutu hata mahali pasipo na malengelenge. Tukadhani ugonjwa umepamba moto, tukaongeza krimu.

Daktari ndiye aliyeshtuka. Alinibandika vibandiko vya majaribio penye ngozi isiyo na kidonda, na kimoja kikaacha alama nyekundu inayowaka. Akasema mwili wangu unaikataa dawa ya ganzi iliyomo kwenye ile krimu. Niitupe, mgongo nisiupake kitu.

Sasa nikwambie linaloniaibisha. Sikuitupa. Jioni ile Mama Chekacheka alipobisha hodi, nilivua blauzi nikampa krimu kama kawaida. Na kesho yake, na keshokutwa yake. Niliwashwa hadi machozi, huku nasema ahsante. Niliogopa kwamba krimu ikiisha, naye hatakuja tena.

Juma lililopita aliona ngozi inavuja maji, akagoma kuendelea. Nikamweleza yote. Hakucheka. Alinawa mikono, akaketi kitandani, akasema, “Mwenzangu, ungeniambia njoo tukae tu, ningekataa?”

Nilichemsha chai. Tulikaa hadi ikapoa.

Tangu hapo huja, huketi kwenye kiti, tunazungumza. Hanipaki kitu, kama daktari alivyotaka, wala hanigusi. Ukurutu unakauka, nalala vizuri. Mgongo umenyamaza, mdogo wangu. Mimi ndiye sijazoea kuukosa ule mkono.

Nisalimie wote, mkubwa kwa mdogo. Ukinijibu, usinibanie karatasi, andika mengi.

Ni mimi dada yako,
Fundi