Kipimajoto cha Kwapani

Magdalena, eti Shamsia jirani anatangaza kisimani kwamba jiko la Mjerumani ninayempikia limempiga mkewe, Bibi, risasi! Risasi gani? Ni kipimajoto.

Bibi alisema, "Weka kipimajoto kwenye jiko, mkate usiungue." Kabatini vipo viwili. Nikachagua kile kidogo, nikakilaza juu ya chuma, nikachochea kuni.

Kikalia pa! Bibi huyo, chini ya meza!

Kumbe kile ndicho Bwana anachotia kwapani akiwa na homa. Kwapani, Magda! Kando ya mkate!

Leo Bwana kaamka anatetemeka, anakiulizia. Bibi kasema, "Kinasafishwa." Kisha akanikazia macho. Bwana akijua, ni viboko.

Huko misheni unakofagia zahanati, mwombe Sista atuazime kimoja. Aliyeleta karatasi hii anasubiri mlangoni. Utamwomba?