Saa Isiyohitaji Kupunguzwa

Jumatano jioni, Voi. Upepo haujatulia tangu mchana. Vumbi jekundu limepenya hadi kwenye kabati la vyombo, na juu ya milima kuna wingu zito ambalo halinyeshi wala haliondoki.

Ninaandika kwa sababu nimekabidhiwa saa ya mkononi ya bei kubwa nimpe mdogo wangu Nyange, kijana wa kidato cha nne, na ni lazima niamue kabla ya keshokutwa kama nitampa au sitampa.

Ningependa kuieleza habari hii kwa utaratibu, kama nilivyozoea kupanga ripoti zangu. Sina hakika kwamba nitaweza. Saa yenyewe iko hapa mezani, kando ya kikombe, na macho yangu hayakubali kuiacha.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kupita kwenye blogu hii: mimi ni mhitimu wa usimamizi wa biashara, na kwa miezi kadhaa sasa nimo katika kipindi cha majaribio kwenye kampuni ya vito hapa mjini. Kampuni hununua mawe na ina machimbo yake nyikani. Machimboni sijawahi kufika. Mimi huandaa barua, hupokea wageni na huandika kumbukumbu za mikutano. Mwenye kampuni sote humwita Mkurugenzi. Yeye huniita Profesa, na hadi wiki hii niliamini kwamba ni heshima.

Juzi Jumatatu aliniita ofisini kwake, akasukuma kisanduku cheusi juu ya meza.

"Profesa, fungua."

Nilifungua. Ndani mlikuwa na saa ya chuma, nzito, ya aina ambayo nimeiona tu kwenye matangazo ya majarida ya ndege. Haina betri. Hutembea kwa mwendo wa mkono wa anayeivaa, na akiivua akaiweka, baada ya muda husimama.

"Ni ya kupendeza mno, Mkurugenzi."

"Usianze kutabasamu, si yako. Ni ya yule mdogo wako. Ana macho yule kijana, anakushinda wewe na digrii yako."

Nililielewa neno hilo. Wakati wa mapumziko ya katikati ya muhula, Nyange alipita ofisini kunisubiri ili tupande gari pamoja kwenda nyumbani. Mkurugenzi, kwa mzaha, alimwaga juu ya sinia vipande vya chupa za kijani vilivyochanganywa na jiwe moja la kweli, akamwambia achague. Nyange hakugusa kitu. Aliinama, akatazama, kisha akalinyooshea kidole lile jiwe. Ofisi nzima ilipiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.

Kisha Mkurugenzi akamwambia, "Simama wima nikuone." Alimshika mabega kwa mikono miwili, kama fundi anayepima upana wa mlango, akacheka. "Mwembamba. Safi kabisa."

Nilicheka pia.

Juzi hiyo hiyo alinipa maelekezo. Shule zinafungwa Ijumaa. Nyange yuko bweni huko Bura, na dereva wa kampuni atakuwa langoni saa nne asubuhi amchukue, akae machimboni siku mbili "aone kazi", kisha arudishwe nyumbani Jumapili asubuhi. Nami niwepo nimvishe saa kabla hajapanda gari. Barua yangu ya kazi ya kudumu, alisema, ataitia sahihi Jumatatu ijayo.

"Na umwambie asiivue," aliongeza nilipofika mlangoni. "Hata akioga. Hata akilala."

Nilipiga simu nyumbani nikiwa bado barabarani. Baba, mwalimu mstaafu ambaye huchelewa kufurahi, alinitaka nirudie habari yote tangu mwanzo. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyesimama, "Nyumba hii imekumbukwa." Mama akamnyang'anya simu.

"Mghoi, ni saa ya kweli au ya hawa wa kutembeza barabarani?"

"Ya kweli, Mama."

"Basi umwambie asiipoteze huko bweni vile alipoteza sweta mbili! Na bosi wako anapenda asali? Nitamtumia asali."

Kabla ya giza kuingia, Baba alikuwa amekwisha kuzungumza na mchungaji. Jumapili kutakuwa na shukrani kanisani. Familia itasimama mbele, saa itainuliwa juu ili washirika waione, kisha iombewe. Ndivyo tufanyavyo huku kwetu mtoto anapopata jambo kubwa. Mtu hajifungii na baraka chumbani.

Nililala nikiwa na fahari ambayo leo inanitia baridi.

Jana, saa ya chakula cha mchana, ofisi ikiwa tupu, niliivaa. Ninakiri bila kujitetea. Nilitaka kujua mkono wangu ungeonekanaje nikiwa mtu aliyefanikiwa.

Ilinitosha.

Jambo la kwanza nililohisi lilikuwa furaha. La pili lilichukua muda kidogo kufika. Mkono wangu ni mwembamba. Bangili za Mama hunitoka zenyewe. Hii ni saa ya mwanamume, na saa za namna hii huja na mkanda mrefu, halafu mnunuzi hupunguziwa vipande kulingana na mkono wake. Niliugeuza mkanda. Vipande vilikuwa vimekwisha kutolewa. Upande wa ndani, pale unapogusa ngozi, chuma kilikuwa kimekwaruzwa, na katika maungio mlikuwa na udongo mkavu ambao hata ncha ya sindano haikuutoa wote.

Nyange hajapimwa mkono na mtu yeyote.

Mwenzangu Bi Saumu, mtunza stoo, mwanamke wa pwani ambaye amekaa na kampuni hii kuliko sisi sote, aliingia akanikuta nimeishika. Alisimama palepale.

"Kumbe imetoka tena," alisema.

"Imetoka wapi, Bi Saumu?"

"Wewe mwanangu hukuambiwa? Ulidhani hiyo ni zawadi?"

Alifunga mlango. Aliniambia kwamba machimboni kuna njia za pembeni zilizo nyembamba mno, mtu mzima hapiti. Hutafutwa kijana mwembamba mwenye macho mazuri, akatambaa mbele na tochi kuutazama mshipa wa jiwe kabla baruti haijalipuliwa. Huko chini hakuna jua, na mtu akiita kutoka juu hasikiki. Kwa hiyo kijana huambiwa saa ya kulipua, akavishwa saa nzuri isiyokosea, inayong'aa gizani, ili ajue mwenyewe wakati wa kutoka.

"Hawamngojei?" niliuliza.

"Baruti haimngojei mtu, mwanangu."

"Na aliyekuwa nayo kabla?"

Aliangalia mlango kabla ya kujibu. "Akiitwa Mwakio. Kwao ni Bura, chini ya misheni. Usinitaje."

Nimekutaja, Bi Saumu, lakini Saumu si jina lako. Unisamehe kwa kiasi hicho.

Leo asubuhi niliomba ruhusa ya kwenda kliniki. Sikwenda kliniki. Bura palikuwa na ukungu na manyunyu, tofauti kabisa na vumbi hili la Voi, na niliuliza njia mara moja tu. Kila mtu anaijua nyumba ya Mama Mwakio. Nilimkuta shambani akikata kabichi. Nilimsalimu kwa Kidawida, lugha ya kwetu, naye akaniitikia vizuri, akaniuliza mimi ni wa nani. Nilijibu. Kisha, kwa kuwa sikuwa nimepanga namna bora zaidi ya kuanza, nilifungua kisanduku.

Hakulia. Alijifuta mikono kwenye leso, akaishika saa, akaigeuza upande wa ndani wa mkanda, kule nilikogeuza mimi.

"Ni yenyewe," alisema. "Sasa inaenda kwa nani?"

"Kwa mdogo wangu, Mama."

"Iko mkononi mwake tayari?"

"Bado."

Alikaa chini kwenye ukingo wa tuta, nami nikakaa karibu naye na nguo zangu za ofisini. Aliniambia kwamba walipoletewa saa ile, waliipeleka kanisani. Aliishika yeye mwenyewe mbele ya watu. Alivaa gauni jipya. Alimwombea Mkurugenzi kwa jina. Mwakio alitoka kanisani siku hiyo akitembea mkono umeinuliwa kidogo, kama mtu aliyebeba yai.

"Niliishukuria kwa mdomo wangu," alisema. "Hiyo ndiyo inaniuma. Wangeniambia ni ya kazi ya shimo, ningekataa. Lakini walisema ni zawadi, na zawadi mtu hakatai."

Ya mwisho aliyasema upesi, bila kunitazama. Siku ya mazishi walikuja wanaume wawili kutoka kampuni na mfuko wa mchele. Walimweleza kwamba walikuwa wameikagua saa na haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa sahihi kabisa. Aliyechelewa kutoka ni kijana.

"Saa ilifika kwao kabla mtoto hajafika kwangu," alisema. "Mimi sikuitaka. Nilitaka tu mtu aje aniombe, niwape kwa mkono wangu."

Nilimuuliza nifanye nini. Nimesoma miaka mingi, nikapewa cheti chenye muhuri, na nimekaa kwenye tuta la kabichi nikiuliza swali hilo. Aliniuliza yeye: "Huyo mdogo wako, ukimwambia, atasikia?"

Hapo ndipo palipo na hofu yangu yote.

Ninamjua Nyange. Nikimwambia kwamba saa hii ina hatari, atasema dada yake amekuwa mwoga tangu aanze kuvaa viatu vya visigino. Shuleni haruhusiwi simu wala mgeni hadi siku ya kufunga, kwa hiyo siwezi kumwandaa. Atanikuta langoni mbele ya wenzake wote, gari kubwa la kampuni likimsubiri, dereva akimwita "mkubwa". Ni kijana gani wa umri wake atakayeikataa saa hiyo na gari hilo kwa sababu ya maneno ya dada yake?

Nimepima pia njia za kati, kwa kuwa nimefundishwa kupima. Nimpe saa ila nimkataze machimbo. Lakini saa na machimbo ni kitu kimoja. Atakayeivaa amekubali, hata kama hajui alichokubali. Nimrudishie Mkurugenzi kimyakimya, niseme Baba amekataa. Baba ameshampigia simu kumshukuru. Nisiende kabisa Ijumaa, nijifanye mgonjwa. Basi dereva atapita kwangu kuichukua saa na kumvisha yeye mwenyewe, na nitakuwa nimekaa nyumbani na mikono safi.

Na iko njia nyingine, ambayo imenijia mara kadhaa leo na kila mara nimeifukuza. Kwamba pengine yaliyompata Mwakio hayatarudi. Kwamba siku mbili si nyingi. Kwamba Jumatatu kuna barua yenye jina langu.

Nimeliandika wazo hilo hapa ili nilione lilivyo nje ya kichwa changu. Halifanani na mimi ninayemjua. Lakini ni langu.

Sitampa.

Nimempigia Baba kabla ya kuanza kuandika. Nilimweleza yote. Alisema, "Mchungaji ameshatangaza, Mghoi. Watu watasema tumerogwa na wivu wetu wenyewe." Kisha akasema, "Je, kama huyo mama ana uchungu wake tu?" Kisha nilimsikia Mama nyuma yake akiuliza kuna nini, kuna nini, kwa nini umekaa. Baba alikata simu. Hajapiga tena.

Ofisini pia kuna jambo. Jioni hii Mkurugenzi amenitumia ujumbe: "Profesa, kliniki walikuambia nini?" Baadaye kidogo akatuma mwingine: "Bura kuna kliniki siku hizi?"

Sijajibu. Sijui nani aliniona. Ndiyo maana ninachapisha habari hii usiku huu, ingali na makosa yake, badala ya kuisafisha kwa siku mbili kama kawaida yangu. Kesho huenda nikaitwa, nikaketishwa kwenye kiti kizuri, nikazungumziwa kwa upole. Najijua jinsi ninavyopenda kuzungumziwa kwa upole. Nataka maneno yangu yawe yamekwisha kutoka mikononi mwangu.

Mama Mwakio atakuja. Sikumwomba, alisema mwenyewe nilipokuwa nafungua lango lake. Nyange anaweza kunibishia mimi hadi jua lizame, lakini hajawahi kumkatiza mama wa mtu akizungumza. Saa nitampa mama huyo aishike yeye. Nyange ataiona mikononi mwake, atasikia ilikotoka, na dereva akifika, ni Mama Mwakio atakayemkabidhi saa, mkono kwa mkono, mbele ya shule nzima. Kama wanaitaka saa yao, wamwombe hapo.

Nimeitazama tena sasa hivi. Bado inatembea, kwa sababu leo nimeibeba kwenda na kurudi. Nimeirudisha kisandukuni na sitaigusa tena. Huenda itakuwa imesimama kabla hatujakutana.

Dereva ameambiwa saa nne. Sisi tumepatana Ijumaa, saa tatu asubuhi, langoni.