Tiketi ya Mwaka Mzima

4 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba kwa shikamoo ulizonitumia kupitia kwa mwanangu. Mimi mzima, ila magoti yana malalamiko yake. Naandika kwa kalamu kwa sababu simu yangu huwekwa sauti ya wazi, mwanangu na mkewe wasikie. Barua anaipeleka posta mfagiaji wa jengo. Na yako itume kwa jina lake.

Jumapili walinipeleka kuona kazi za mchoraji maarufu, marehemu wa zamani. Nilidhani nitaona turubai na mkono wa mtu. Kumbe ni ukumbi usio na dirisha, picha zimerushwa kwa taa ukutani, sakafuni, hadi kwenye shati langu. Mimi niliyeanza kupaka nyumba za watu kwa brashi ya kuazima nikamaliza na mafundi wangu mwenyewe, nikaupima ule ukumbi kwa macho: madebe tisini ya rangi, na hakuna tone lililotumika. Ngano inayumba, kunguru wanaruka, muziki unalia. Vikiisha vinaanza upya. Nikatafuta pa kutokea. Nikaona mlango kwenye nyumba ya njano, nikausukuma. Ukuta. Watu wakacheka, na mwanangu akanirekodi.

Nikamwambia anirudishe kwangu. Akasema, "Baba, kwani hapa si kwako?" Pasipoti anayo yeye. Nenda kafungue madirisha ya nyumba yangu, uwaambie majirani narudi.

Kaka yako

30 Machi

Kaka, shikamoo.

Huku wote wazima, isipokuwa mimi uliyenipandisha presha. Nilikwenda. Ufunguo ukagoma. Akatoka mama mmoja na upawa mkononi: "Unamtaka nani?" Nikasema hii nyumba ni ya kaka yangu. Akanikaribisha kwa adabu, akanieleza kwamba waliinunua kwa mwanao mwaka jana, kila kitu halali. Sebule ameipaka kijivu.

Halali kweli, kaka. Si wewe uliyeiandikisha kwa jina la mtoto ili sisi ndugu zako tusije tukaigombea ukifa? Haya, sisi hatukuigombea, na wewe hujafa.

Nimeshasema, yameisha. Chumba changu cha uani kina kitanda, na dirisha linafunguka. Njoo.

Mdogo wako

11 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini presha imeshuka. Yangu haipimwi.

Nilimuuliza. Hakukana: nyumba ndiyo iliyolipia fleti hii, "na wewe umo ndani yake, baba." Kwa hesabu hana kosa, na hesabu nilimfundisha mimi. Kisha akaninunulia tiketi ya mwaka mzima ya yale maonyesho. Ni rahisi kuliko kuajiri mtu wa kukaa nami. Asubuhi ananishusha mlangoni akienda kazini, jioni ananichukua kama mzigo ulioachwa stoo. Mama anayelinda ukumbi ananiita Mzee wa Ngano. Siku hizi najua kunguru yupi atafuata. Hilo silo linalonitisha. Linalonitisha ni kwamba nimeanza kumngoja.

Huyo mama kanielekeza ubalozi wetu, si mbali kwa miguu. Mtu asiye na pasipoti wanampa hati ya safari, ila lazima ataje ndugu atakayempokea. Nyumba nilikunyima. Sijui kama nina uso wa kuandika jina lako.

Kaka yako

2 Juni

Kaka, shikamoo.

Hujaandika tangu Mei, lakini leo mchana kanipigia kijana wa ubalozi. "Mama, kuna mzee hapa anasema ni kaka yako. Utampokea?"

Nikamwuliza, "Amekula?"

"Amekunywa chai. Na ameshakosoa rangi ya ofisi yetu."

Nikajua ni wewe. Nikasema nitampokea, nikarudia, asije akasingizia mtandao mbovu. Akasema hati yako itachukua siku chache.

Simu haijapoa mkononi, akapiga mwanao. "Shangazi, shikamoo. Baba siku hizi katulia, nyumbani hata hapataji. Hivi sasa yuko kwenye maonyesho, anayapenda kweli. Nataka nitoke kazini mapema leo, nikamshtukize tutazame wote."

Ulimi uliniwasha, kaka. Nilikuwa na maneno ya kumtosha yeye na mkewe. Nikayameza.

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Kazi yako usiiache. Mzee mwache atazame kwa nafasi, picha hazitaki haraka."

Mdogo wako