Wamembakiza Baba Kwenye Picha, Sauti Wameifuta

Bi Obdulia mpendwa, shikamoo. Majibu yako huyasoma kila Ijumaa gazetini. Naomba unisaidie haraka kwa sababu Jumapili inakuja. Mimi ni mwimbaji wa changüí, ngoma yetu ya mashambani, katika kikundi cha familia yetu hapa Guantánamo, kaka yangu Yoelvis anapiga gitaa, na baba yetu, Mzee Crescencio, anapiga marímbula, lile sanduku analolikalia na kuzichezesha ndimi zake za chuma kwa vidole, na amelipiga miaka arobaini na sita. Mwaka jana akatujia Mbelgiji mmoja, Joris, mpiga besi, akasema anataka turekodi pamoja, nyimbo zetu, vyombo vyetu na vyake, tukampokea kama ndugu, akala wali wetu wa maharage meusi wiki sita, na Baba akamfundisha kila kitu, mpaka akampisha alikalie sanduku, jambo ambalo hata Yoelvis hajawahi kufanyiwa.

Sasa nyimbo zimefika kwenye flashi, nimesikiliza zote tisa, na Baba hayumo. Hayumo hata kwenye mmoja! Mahali pake kuna besi ya Joris, nono, safi, na kwenye jalada kajaa nani? Baba na sanduku lake na kofia yake ya ukindu, peke yake, kama ndiye mwenye shughuli. Nikampigia Joris nimtukane, akaniambia kwa upole, “Lakini Nereyda, wewe ndiye uliyechagua.” Na ni kweli, Bi Obdulia, aibu inaniua, kwa sababu siku ya mwisho studioni aliniita peke yangu, akasema, “Mzee anachelewa kidogo, wasikilizaji wa kwetu watajikwaa,” akanisikilizisha wimbo mmoja mara mbili, na mara ya pili sauti yangu ilikuwa juu, inang'aa, nikajiona mwimbaji mkubwa, nikasema, “Ya pili,” bila kuuliza Baba kaenda wapi, na nilijua kaenda wapi, ila nilidhani ni wimbo huo tu.

Baba hajui. Ameshaalika mtaa mzima Jumapili uani kwetu kuja kusikiliza, nguruwe ameshaagizwa, na kila anayepita anamwambia, “Njoo na kiti chako, ndugu yangu, mimi changu ninakipiga!” Yoelvis anasema tudanganye kwamba flashi imeharibika, au tumwache asikilize tu, masikio yenyewe yameshazeeka, na tusimuudhi Joris kwa sababu Julai anatupeleka Ubelgiji, Baba naye yumo, atalikalia sanduku jukwaani bila kipaza sauti. Mimi sijawahi kupanda ndege. Nifanye nini?

Nereyda

Marahaba, Nereyda. Barua yako nimeisoma nimesimama, kukaa nilishindwa. Huyo Joris ana adabu ya mezani tu. Eti mzee anachelewa! Mwambie marímbula huja pale mguu unapoisubiri, na asiyejua kusubiri akacheze kwao. Kama alitaka besi yake isikike angesema mapema, na baba yako angempa wimbo wake apige kwa roho safi. Kuchota ujuzi wa mtu, kisha kumwondolea sauti na kumbakiza pambo, huo ni wizi hata ukifanywa kwa tabasamu.

Lakini wewe usijifiche nyuma ya Mbelgiji. Kikulacho ki nguoni mwako, na aliye nguoni mwa mzee huyo ni wewe. Ulisifiwa sauti mara moja tu ukamtoa mzazi, na leo unaniletea habari za flashi kuharibika! Kaka yako naye akome. Mtu aliyepiga miaka arobaini na sita atajua hayumo kabla hujafungua mdomo kuimba, na atajulia mbele ya majirani wenye mifupa ya nguruwe mkononi. Hiyo ndiyo heshima mnayompangia?

Sasa nisikilize. Wapiga marímbula wa mkoa huu tunawajua kwa majina, na gazeti lenye barua yako linatoka Ijumaa. Jibu hili nimemtuma mtu akukabidhi mkononi Jumanne, ili mzee asije akapata habari zake kwa jirani. Mwambie siku hiyohiyo, mkiwa wawili, na uanze na kosa lako. La Joris lifuate. Kisha mpe asikilize. Karamu ya Jumapili ifanyike au ivunjwe, aamue yeye. Halafu mwandikie Joris: sauti ya mzee waliyoirekodi bado wanayo, airudishe kwenye nyimbo zote tisa, la sivyo aondoe picha ya mzee na sauti yako pia. Ndiyo, na yako. Hiyo Julai, kipaza sauti kisipokuwa mbele ya sanduku, hakuna anayepanda ndege. Najua unaitamani. Itamani ukiwa nyumbani.

Akikugombeza, kaa hapohapo. Akinyamaza siku mbili, mpelekee kahawa na ukae. Ila usilie mbele yake, mwanangu. Ukilia atasahau yaliyompata yeye aanze kukubembeleza, ndivyo walivyo akina baba, na safari hii zamu si yako.