Nilivyobandika Bei ya Maksai wa Baba

Jumamosi jioni, Bariadi.

Mawingu mazito tangu asubuhi, joto la kunata, na mjini kila mtu anaongea habari za mvua. Nimerudi sasa hivi kutoka nyumbani kwa baba, Lagangabilili. Viatu vimejaa vumbi, mgongo unauma, na nina furaha ambayo nisipoiandika leo nitaamka nimeisahau.

Maksai wa baba wameuzwa.

Wiki nzima mimi na baba tumekuwa hatuelewani kwa sababu ya ng'ombe hao, au niseme kweli, kwa sababu ya bei yao. Baba ana magoti mabovu. Msimu uliopita alilima huku amejifunga vitambaa magotini, na akilala alikuwa anaugulia hadi mama anaamka. Mwaka huu tumekubaliana wote nyumbani kwamba shamba litalimwa na trekta la kukodi, na maksai wawili, Redio na Kapteni, wauzwe. Redio aliitwa hivyo kwa sababu hanyamazi. Kapteni ni kwa sababu akisimama yeye, kazi imesimama.

Baba alikuwa na sharti moja tu: waende kwa mtu wa kulima. Wamemlimia miaka mingi, wamesomesha watoto, mimi nikiwemo, na alisema hataweza kumeza chakula akijua wamekuwa nyama ya kuchoma Mwanza. Ndiyo maana hakutaka kuwapeleka mnadani, kwani huko wanunuzi wengi wanatafuta nyama. Nikamwambia atulie, siku hizi kuna magrupu ya mauzo kwenye simu, aniachie mimi.

Nikawapiga picha, nikaandika: maksai wawili wazoefu wa kulima, na plau na nira yao, milioni mbili na laki nne. Nikarusha kwenye grupu.

Mimi na matangazo yasiyo na bei hatuivi chungu kimoja. "Bei njoo inbox." Kwa nini nije huko? Kuna siri gani? Niliwahi kupanda gari hadi Lamadi kuangalia mashine ya fotokopi kwa ajili ya stesheneri yangu. Muuzaji alikataa kabisa kutaja bei kwenye simu. Nilipofika akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa, ndipo bei ikamjia. Yaani nililipa nauli ili nikatazamwe. Tangu siku hiyo naamini anayeficha bei anasubiri kuona sura yako ajue akupige kiasi gani.

Basi baba aliposikia nimeandika bei, sikutegemea alivyoipokea. Hakugomba. Baadaye akasema, "Mwanangu, umewaita wachinjaji. Mtu wa kulima haitiwi kwa bei. Anakuja, mnakaa, mnaongea."

Nilimjibu kwa heshima. Moyoni nikasema mzee wangu amepitwa na wakati.

Kisha simu zikaanza. Wa kwanza aliuliza uzito. Wa pili hakusalimia, alitaka kujua kama wamenona. Wa tatu akaongeza dau juu ya bei yangu, alipe siku hiyohiyo, lori analo. Nilikaa dukani na simu inaita mapajani, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama wanajua kulima.

Baba alikuwa sahihi na mimi nilikuwa nimekasirika.

Nilikaribia kuifuta bei na kuandika yale maneno ninayoyachukia. Kidole kilikuwa palepale. Kilichonizuia si busara, ni ukaidi tu, sitaki kujipamba hapa. Bei nikaiacha, nikaongeza mstari mmoja chini yake: wanauzwa kwa mkulima tu, mchinjaji asijisumbue. Kwenye grupu nikachekwa vizuri. Mmoja akauliza kama nauza ng'ombe au naozesha mabinti.

Alhamisi akapiga mama mmoja wa Mwamapalala. Anaitwa Mama Kulwa. Alisalimia kwanza, akauliza hali ya nyumbani, akauliza mvua huku zikoje. Halafu akaniuliza kati ya hao wawili nani anafungwa kulia na nani kushoto. Sikujua. Nimekua na ng'ombe hao na sikujua. Ikabidi nimpigie baba, na nilipomweleza swali nikasikia sauti yake imebadilika. Alijibu, kisha akauliza huyo mama anakuja lini.

Amekuja leo na binti yake mkubwa. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya zizi, amevaa shati lake la kanisani.

"Mwangaluka, baba," Mama Kulwa akamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Karibuni."

Mama Kulwa aliingia zizini moja kwa moja. Akashika shingo zao pale nira inapokaa, akainua kwato, akamsukuma Kapteni kidogo kuona anavyokanyaga. Hakusema neno la kusifu wala la kuponda. Alipotoka akafungua fundo la kitenge, akatoa pesa yote kama ilivyoandikwa, akamnyooshea baba kwa mikono miwili.

Baba hakupokea.

"Mbona huniombi nipunguze?" akamuuliza.

"Bei niliiona imeandikwa, baba. Nikajua ndiyo yenyewe."

"Hiyo kaandika mtoto. Mimi sijasema kitu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mnunuzi wa kweli amepatikana, pesa iko mkononi, na mzee anaanza ubishi. Nilitaka kuingilia, mama yangu akanikonyeza ninyamaze.

Baba akaagiza kigoda kingine, akamketisha mgeni mbele yake, akaanza kumuuliza. Shamba liko wapi, la udongo mzito wa mbuga au la kichanga? Plau anashika nani? Mama Kulwa akasema anashika yeye, binti anaongoza ng'ombe. Mume wake alifariki, na tangu hapo kila msimu anakodi ng'ombe wa watu. Wenye ng'ombe wanamaliza kwao kwanza, kwa jirani, kwa shemeji, ndipo wanafika kwake. Yeye anapanda pamba wakati wenzake wanapalilia. Ameuza mbuzi wake wote ili aache kungoja.

"Basi punguza laki moja hapo," baba akasema.

Mama Kulwa akakataa. Akasema hakuja kuomba huruma, amekuja kununua. Baba akauliza maswali mengine, kuhusu maji, kuhusu malisho ya kiangazi, akashusha tena. Mama Kulwa akapandisha. Jamani, muuzaji anavuta chini na mnunuzi anavuta juu. Nilicheka mpaka machozi, na binti yake naye akacheka.

Hapo ndipo nilipomwelewa baba. Sikuwahi kumwelewa kabla ya leo. Mimi nilidhani watu wanavutana bei ili kuibiana. Kwake yeye, huo ndio muda pekee wa kumjua mtu kabla hujampa kitu chako. Mnunuzi aliyelipa bila kuvutana alikuwa amemnyima muda huo, na baba alikuwa anautafuta kwa nguvu zote, hata kwa hasara yake mwenyewe.

Walipofikia sitaandika. Hiyo ni yao.

Lakini kuna neno jingine nataka lisipotee. Wakati baba anafunga pesa nilimuuliza Mama Kulwa kwa nini alipiga simu kwetu, maana matangazo ya ng'ombe ni mengi. Akajibu taratibu, huku akiangalia chini.

"Yasiyo na bei huwa sipigi. Nikiuliza bei wananiuliza mume wangu yuko wapi. Hili lenu nililiona, nikahesabu nilichonacho kimyakimya nyumbani kwangu, nikajua nikija sitaaibika."

Baba alisikia. Alinitazama na kuitikia kwa kichwa mara moja, kama anavyofanya akikubali jambo ambalo hataki kulikubali kwa mdomo. Kwangu hiyo inatosha kwa mwaka mzima.

Kabla hawajaondoka alimtaka Mama Kulwa awafunge nira mwenyewe, azunguke nao mara moja pembeni ya uwanja. Redio alipiga kelele zake. Kapteni alisimama, akageuza kichwa kumtafuta baba. Baba akageukia upande mwingine ili asionekane. Mama Kulwa akamsemesha Kapteni kwa Kisukuma, kwa upole, na baada ya muda ng'ombe akasogea.

"Wabeja, baba," Mama Kulwa akashukuru, nao wakaanza kuswaga.

Sasa niko chumbani najiuliza nitaandika nini siku nyingine nikiuza kitu. Bei nitaweka, hapo sibadiliki, tena nina sababu nzuri zaidi ya ile ya Lamadi. Kuna watu wengi kama Mama Kulwa ambao hawatauliza kamwe, na sisi tunasema hawakuwa na nia. Ila nimejifunza kwamba bei ikishamleta mtu mlangoni, kazi haijaisha. Mimi ningepokea pesa ile, ningesema asante, nisingejua hata habari ya mbuzi.

Nilipokuwa naaga nilimkuta baba bado amesimama zizini peke yake. Nilidhani analia, nikajiandaa kumfariji, maana nami nilikuwa karibu kulia. Kumbe alikuwa anaangalia mawingu upande wa Mwamapalala na anahesabu kwa vidole.

"Mvua ikinyesha Jumatatu," akasema, "mwaka huu yule mama atakuwa wa kwanza kulima."

Ee Mungu, Jumatatu inyeshe.