Kisu Nilichokiacha Chini ya Kitanda cha Baba

Jang'ombe,
Unguja.
14 Machi, 1956

Mpendwa kaka yangu Silima,

Shikamoo, na assalaam alaykum. Kabla ya lolote nakuuliza hali yako, na hali ya shemeji Wanu na watoto. Lile goti lililokuwa likikusumbua kazini bandarini limepoa? Barua yako ya mwisho tuliipata siku za Maulidi, na tangu hapo kimya. Au wino umekwisha Mombasa nzima?

Mimi, Shemsa na watoto tu wazima wa viungo. Mengine ni haya nitakayokuandikia, nami nakuomba ukae kitako kwanza.

Shangazi yetu Bi Biasha amemwoza binti yake wa mwisho. Amelalamika mbele za watu kwamba hukuleta hata doti moja ya kanga. Nimemwambia kanga zako ziko njiani. Sasa tafuta njia ya kuzileta.

Kaka, Baba hali yake si ya kuandika. Tulimtoa Charawe mwezi wa kwanza tukamleta mjini. Daktari akampima, kisha akaniita pembeni akaniambia nimrudishe nyumbani, nimpe chochote atakachokitaka. Nilielewa maana yake. Yupo hapa kwangu, chumba cha uani, amebaki mifupa na macho. Uji anautema, na mchuzi wa kuku anaugeuzia uso.

Siku moja akaniita, nikaitika naam. Akasema roho yake inataka kitu kimoja tu: mchuzi wa paa, na paa mwenyewe apigwe kwa upinde wake, ule wa mti wa mkole aliouchonga kwa mkono wake mwaka uliozaliwa wewe. Wa mtego hamtaki, wa bunduki hamtaki. "Nikionja huo, Simai, nitakuwa nimekula duniani." Nikaona labda ndio utakaomfungua kinywa. Nilitumaini, sikufichi.

Lakini nani wa kwenda? Wewe ndiye uliyerithi mkono wake. Mimi fundi cherehani, windo langu ni vifungo vikidondoka sakafuni.

Binamu yetu Miraji akanitumia upinde kwa gari la shamba, pamoja na mishale mitatu. Jioni ile nilikaa chini kando ya kitanda cha Baba nikaukwangua kwa kisu, yeye ananielekeza kwa kidole, punguza hapa, punguza na hapa. Nikaupaka mafuta ya nazi, nikautia kamba mpya ya mshipa wa ng'ombe. Tangu Mama afariki sijamwona na furaha ile. Tulicheka, wallahi, mpaka akakohoa. Kisha akanambia yale yale aliyokuwa akituambia tukiwa wadogo, kwamba msasi asiye na kisu ni mpita njia. Nikamjibu, "Ah, Baba, mie mtoto?" Nikakisukuma kisu chini ya kitanda, nikaenda kunawa mafuta mikononi. Hapo ndipo kilipobaki.

Nikashuka Charawe na gari la kwanza. Siku mbili sikuona ila mavi makavu. Vichaka vimefyekwa, bunduki zimekuwa nyingi, na paa waliobaki wana akili kutushinda. Mishale miwili niliipoteza kwa kupiga vivuli. Siku ya tatu, jua limeshapanda, paa akatoka mbele yangu, karibu kama kutoka kitandani kwa Baba mpaka mlangoni. Nikapiga bismillahi, nikaachia. Kaka, nilimpata! Mimi, mshona suruali! Akaruka, akenda hatua kama ishirini, akaanguka.

Nilimkuta yu hai. Macho wazi, ubavu unapanda na kushuka. Nikapeleka mkono kiunoni kutoa kisu, kiuno kitupu. Nikauvuta mshale nimchinje kwa ncha yake, ukatoka mti peke yake, chuma kimebaki ndani ya nyama. Nikazunguka pale kama kuku aliyefungwa mguu. Mwisho nikakimbia mpaka kondeni kwa Miraji kuomba panga. Tuliporudi, na tulirudi mbio, roho imeshatoka. Miraji akamgusa jicho kwa kidole, akasema, "Kibudu hicho, Simai. Usijisumbue."

Shetani alinijia, nakwambia kweli. Mkate shingo, mtie guniani, mzee atajuaje? Nilisimama kitambo na panga la Miraji mkononi. Nikashindwa. Mtu aliyekwisha kufika mlangoni mwa kaburi, mwanawe amlishe kibudu? Tukamwacha pale pale.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Shemsa keshakuna nazi. Damu ilikuwa imenirukia mkono wa shati, na Baba akaiona kabla sijatoa salamu. Akatabasamu. "Umepata?" Laiti ningelibadilisha shati lile njiani.

Nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakugomba, na mimi nilitamani agombe. Akaniuliza paa aliangukia wapi. Nikamwambia kule maweni, nyuma ya konde la Miraji.

"Mawe yale yanatukata nyayo tangu tuzaliwe," akasema. "Hukuona hata moja la kuchinjia?"

Ni kweli, kaka. Jiwe lenye makali linachinja, tulisomeshwa chuoni mimi na wewe, mkeka mmoja. Na mguu wangu wakati ule ulikuwa unatoka damu kwa mawe hayo hayo.

Shemsa akaleta uji. Baba akalisukuma bakuli pole pole, akawageukia Shemsa na watoto kama kwamba mimi sipo. "Mwambieni Simai asisikitike. Mie nshashiba." Mtu ambaye siku nne nzima hakutia kitu tumboni ila maji! Nilitoka uani nikalia mpaka watoto wakaogopa.

Tangu siku ile nimerudi Charawe mara mbili. Mara ya kwanza sikuona hata unyayo. Mara ya pili niliuvuta upinde kuujaribu tu, ukalia, ukapasuka kati, pale pale nilipoukwangua kupita kiasi. Vipande nimemwachia Miraji. Baba sijamwambia. Nilimwambia kweli siku ile na kweli ikamshibisha, sasa sina ubavu wa kumwambia nyingine.

Basi njoo, kaka. Dawa usilete, na kanga za Bi Biasha zinaweza kungoja. Omba ruhusa, panda chombo chochote kinachokuja Unguja. Sikuahidi kwamba utamkuta, na mimi mwenyewe sitegemei. Lakini ukimkuta, nakuomba kwa haki ya maziwa tuliyonyonya, usimuulize habari ya upinde.

Yeye hauulizi. Kila asubuhi nikiingia kumwamkia, hanambii habari ya maumivu wala ya njaa. Ananiuliza, "Kisu unacho?" Nami ninacho, siku hizi hakitoki kiunoni, hata cherehani naikalia nacho. Namwonyesha. Anaitikia kwa kichwa, anafumba macho, anangojea paa wake.

Shemsa anakuamkia, na watoto wanakuamkia, mkubwa ameanza juzuu ya pili. Miraji naye anakusalimu. Utusalimie shemeji Wanu na wanao wote, mmoja mmoja kwa jina lake. Mwenyezi Mungu akufungulie njia na akukutanishe na mzee wetu mngali mnatazamana.

Baba nimemwambia nnakuandikia. Anakusalimu sana, na ameniagiza nikwambie kwamba anakula vizuri.

Wako akupendaye, ndugu yako asiye na la kufanya,
Simai